KUPAKA RANGI BODI YA GARI NYUMBANI KWA KOMPRESA NDOGO: HESABU YA UPEPO NA HESABU YA MAPAFU



Mshahara wa kiwandani na wa shambani mara nyingi unakwisha kabla ya mwezi kwisha. Ndiyo maana wenzetu wengi wana kazi ya pili ya Jumamosi na Jumapili. Mmoja anashona nguo, mwingine anafuga mbuzi, mwingine ananyoosha na kupaka rangi bodi za magari nyuma ya nyumba yake. Huyu wa tatu ndiye tunayezungumza naye leo.

Kazi yake haikosi wateja. Gitega iko katikati ya nchi, na tangu mwaka 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Muyinga iko karibu na mpaka wa Kobero, ambako malori yanaingia kutoka Tanzania. Kati ya miji hii miwili, kwa njia ya Karuzi, magari madogo yanabeba watu na mizigo mwaka mzima. Mengi ni magari makuukuu: milango imekwaruzwa, madigadi yamebonyea, chini ya rangi kutu inakula bati. Mwenye gari hana fedha ya garaji kubwa, basi anamtafuta fundi wa mtaani. Fundi huyo ana kompresa ndogo, pistole ya kupulizia rangi, na uwanja wa nyumbani.

Je, kazi hii yaweza kufanywa vizuri nyumbani? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti mawili. Sharti la kwanza ni kuhesabu upepo, yaani kujua kompresa yako inaweza kutoa kiasi gani na pistole yako inakula kiasi gani. Sharti la pili ni kuchagua rangi ambayo kinyago ulicho nacho kinaweza kukukinga nayo. Ukivunja sharti la kwanza utaharibu mlango wa mtu, na mlango unaweza kupigwa msasa ukapakwa upya. Ukivunja sharti la pili utaharibu mapafu yako, na mapafu hayapigwi msasa.

1. HESABU YA UPEPO

Kompresa inayoonekana mara nyingi kwa mafundi wadogo ni ya nguvu za farasi 2, yenye tangi la lita 50 au la lita 24, nayo hujaza mpaka bari 8. Kwenye kibao chake imeandikwa lita 200 hivi kwa dakika. Ndugu, usidanganyike na namba hiyo. Hizo ni lita ambazo mashine inavuta, si zile inazotoa. Kinachofika kwenye mpira wa upepo ni kama lita 120 kwa dakika.

Tena kuna jambo ambalo fundi aliyejifunzia kazi Bujumbura huenda asiligundue upesi. Bujumbura iko kando ya ziwa, karibu mita 800 juu ya bahari. Gitega iko kwenye mita 1,500 na zaidi, na Muyinga iko juu zaidi ya hapo. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi. Kompresa ya Gitega inavuta hewa iliyopungua kama asilimia 15 kuliko ile ya pwani ya bahari, ambako mashine hizi hupimwa. Kwa hiyo zile lita 120 zinabaki kama 100. Mashine si mbovu. Ni hewa ya mlimani.

Sasa tuangalie upande wa pistole. Pistole ya kawaida yenye kikombe juu na tundu la milimita 1.4 inakula kama lita 250 za upepo kwa dakika, na nyingine hula zaidi. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bari 8 mpaka bari 4 linatoa 50 mara 4, yaani lita 200. Pistole inakula 250, mashine inarudisha 100, tangi linapungukiwa na 150 kila dakika. Gawanya 200 kwa 150: utapata dakika moja na sekunde 20. Baada ya hapo upepo unalegea, rangi inaanza kutoka kwa matone makubwa, na mlango unakuwa kama ganda la chungwa. Kwa tangi la lita 24 muda huo ni nusu yake.

Hesabu hii inatufundisha mambo manne:

Kwanza, kompresa ndogo ni ya kipande kimoja kimoja. Mlango mmoja, digadi moja, au nusu ya boneti. Usikubali kupuliza gari zima kwa mashine hiyo. Utaichosha, na rangi itakuwa na sura tofauti kila upande.

Pili, anza kila mkono wa rangi tangi likiwa limejaa. Ukimaliza mkono mmoja, ngoja. Kujaza tena lita 200 kunahitaji dakika mbili hivi, na rangi yenyewe inahitaji dakika 10 au zaidi kabla ya mkono unaofuata. Basi mashine na rangi zinapumzika pamoja.

Tatu, pistole ndogo ni bora kuliko kubwa. Pistole ya tundu la milimita 0.8 au 1.0 inakula kama lita 120 tu kwa dakika, na kompresa ndogo inaweza kuifuata. Mstari wake ni mwembamba na kazi inakwenda taratibu, lakini upepo haukatiki katikati ya mlango.

Nne, mpira wa upepo uwe na tundu la milimita 8 au zaidi. Mpira mwembamba unakula nguvu njiani. Pima upepo kwenye geji iliyo karibu na pistole, ukiwa umebana kidole kana kwamba unapuliza. Bari 2.5 hadi 3 zinatosha kwa pistole nyingi, lakini fuata maandishi ya pistole yako.

Neno la umeme pia. Mota ya kompresa inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshika mwendo. Ukiiunganisha kwa waya mrefu mwembamba, umeme unafika dhaifu, mota inanguruma bila kuzunguka, inapata moto na kuungua. Tumia waya mnene na mfupi, na urefu uutafute kwenye mpira wa upepo. Jioni, wakati kila nyumba imewasha taa na umeme wa REGIDESO umeshuka, ni afadhali kuacha kazi kuliko kuua mota.

Na wale wanaochukua kompresa ya friji kuukuu wakaiunganisha na mtungi wa gesi, tunawaomba waache. Kifaa hicho kinatoa upepo kidogo mno, kinatema mafuta ndani ya rangi, na mtungi ule hauna valvu ya usalama wala tundu la kutolea maji. Tangi lenye upepo likipasuka ni bomu.

2. MAJI YALIYO NDANI YA UPEPO

Hewa ina maji ndani yake hata kama huyaoni. Ukiibana mpaka bari 8, haiwezi tena kuyabeba yote, nayo yanadondoka ndani ya tangi. Katika siku ya joto yenye unyevu, kila lita 1,000 za hewa zinazopita kwenye kompresa huacha maji kama kijiko kimoja cha chakula. Mlango mmoja wa mikono minne unaweza kutumia zaidi ya lita 1,000. Maji hayo yakifuata mpira mpaka kwenye pistole, yanatoka pamoja na rangi, na bati linajaa vishimo na malengelenge.

Dawa yake ni rahisi. Kila siku ya kazi, kabla na baada, fungua kibomba cha chini ya tangi na toa maji yote. Tangi lisilotolewa maji linaoza kwa ndani, kutu inalila taratibu, na siku moja linapasuka. Kisha weka chujio la maji kwenye mpira, si pale kwenye kompresa ambako upepo bado una joto, bali mbali yake, mita kadhaa mbele, ambako upepo umepoa na maji yamekwisha jitenga.

Mafuta nayo ni adui. Tone dogo la mafuta ya kompresa, au alama ya kidole chenye jasho, hufanya rangi ikimbie na kuacha viduara kama macho ya samaki. Ukiyaona, usiongeze rangi juu yake. Acha ikauke, piga msasa, safisha na anza upya.

3. KUTAYARISHA BATI

Mafundi wote wanajua kwamba rangi haifichi kosa, bali inalionyesha. Robo tatu ya kazi hufanyika kabla ya kushika pistole.

Osha kipande kwa maji na sabuni, kikauke, kisha kifute kwa kitambaa kisafi chenye tina ili kutoa mafuta na nta. Fanya hivyo kabla ya msasa, la sivyo msasa utayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kutu iondolewe mpaka bati ling'ae. Ukiacha doa moja la kutu chini ya rangi, baada ya mvua mbili tatu litainuka tena na mteja atarudi mlangoni kwako.

Masiti ya kuzibia mabonde ichanganywe na dawa yake ya kukaza kwa kiasi kidogo, kama sehemu 2 kwa 100. Ukizidisha, rangi ya dawa hiyo itapenya mpaka juu. Masiti ipakwe nyembamba, igandishwe kwa tabaka, na isipigwe msasa wa maji, kwa sababu inanyonya maji kama mkate na kuyapeleka kwenye bati. Anza na msasa namba 80, endelea na 180, malizia na 240.

Kisha puliza praima. Ikikauka, ipige kwa msasa wa maji namba 400 mpaka 600, au 800 kama rangi itakuwa ile yenye chembe za kung'aa. Funika vioo na mipira kwa magazeti na gundi ya karatasi. Mwaga maji uwanjani kabla ya kupuliza, maana vumbi letu jekundu halisubiri kualikwa.

Angalizo kubwa kuhusu rangi ya zamani: rangi nyingi za magari ya zamani, hasa nyekundu, za machungwa na za njano, zina madini ya risasi. Ukizisugua kikavu, vumbi linaingia kifuani mwako, linalala kwenye nguo zako, na jioni unambebea mtoto. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo rangi ya zamani isuguliwe kwa msasa wa maji, mbali na mahali watoto wanapochezea, na maji yake yasimwagwe karibu na kisima wala bondeni penye mboga. Ukimaliza, nawa kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Jambo hili si geni katika harakati za wafanyakazi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 13 juu ya risasi nyeupe katika rangi. Ndani yake mlikuwa na masharti ya kupunguza hatari ya rangi inayopulizwa, ya kuzuia vumbi la kusugua kikavu, na ya kuwapa wapaka rangi mahali pa kunawa na nguo za kazi. Zaidi ya miaka 100 imepita. Mfanyakazi asiambiwe kwamba anadai mambo ya anasa.

4. KUPULIZA

Chagua siku isiyo na mvua na saa isiyo na upepo mkali. Katika miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, hewa ni kavu lakini vumbi ni jingi, basi saa za asubuhi, jua likishapasha bati joto, ndizo nzuri. Katika miezi ya mvua usikimbilie kazi. Rangi ya selulosi ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu inapata ukungu mweupe, kwa sababu tina inayokauka haraka inalipoza bati na umande unashika juu ya rangi.

Kwa mlango mmoja wa gari dogo, nusu lita ya rangi ya selulosi na nusu lita ya tina yake zinatosha mikono minne. Chuja rangi kwa kitambaa chepesi cha nailoni kabla ya kuitia kwenye kikombe. Jaribu kwanza kwenye kipande cha katoni.

Shika pistole sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, iwe wima, na mkono wote utembee sambamba na bati. Usizungushe kiwiko kama anayefagia, maana katikati patapata rangi nyingi na pembeni kidogo. Anza kupuliza kabla ya kufika ukingoni, acha baada ya kupita ukingo wa pili. Kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe mwembamba kama pazia, wa pili na wa tatu ujae kidogo. Rangi ikitoa machozi, umekwenda polepole au umesogea karibu mno. Ikiwa kama ganda la chungwa, rangi ni nzito au upepo ni mdogo. Ikifika kavu kama vumbi, umesimama mbali.

5. AINA ZA RANGI, NA IPI ISIPULIZWE NYUMBANI

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu, na tunaomba kila msomaji apasome mara mbili.

Kabla ya miaka ya 1920 magari yalipakwa rangi kwa brashi, na gari moja lilichukua wiki kadhaa kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya Du Pont ya Marekani ilileta rangi ya selulosi iliyoitwa Duco, iliyofaa kupulizwa na kukauka kwa muda mfupi. Tangu hapo pistole ikashika nafasi ya brashi. Leo fundi wa mtaani anakutana na rangi za aina tatu.

Aina ya kwanza ni selulosi. Inakauka kwa tina kuruka hewani tu. Haina dawa ya kukaza. Inahitaji mikono mingi na kung'arishwa mwishoni, na petroli ikiimwagikia inaharibika. Moshi wake unalewesha na inashika moto upesi mno. Lakini kwa kinyago cha kufaa na mahali pa wazi, inawezekana nyumbani.

Aina ya pili ni rangi ya mafuta, ile inayokauka polepole. Ni rahisi na inang'aa yenyewe, ila vumbi na wadudu wana saa nyingi za kutua juu yake. Nayo inawezekana nyumbani kwa uangalifu ule ule. Matambara yenye rangi hii yasirundikwe pembeni, kwa sababu yanaweza kupata moto yenyewe. Yatie ndani ya ndoo ya maji.

Aina ya tatu ni ile inayouzwa na mwenzake: kopo kubwa la rangi au vanishi, na kopo dogo la hadina. Unachanganya, na saa inaanza kukimbia. Rangi hii ni ngumu, inang'aa kama kioo, haiogopi petroli. Wateja wanaipenda. Lakini ndani ya kopo lile dogo, katika nyingi ya rangi hizi, mna kemikali iitwayo isosayaneti.

Ndugu, isosayaneti ikipulizwa inakuwa ukungu mwembamba unaofika ndani kabisa ya mapafu. Haina harufu ya kukuonya wakati imekwisha kufika kiasi cha kudhuru. Inafundisha mwili kuichukia. Mtu anaweza kupuliza miezi au miaka bila shida, kisha siku moja kifua kinambana. Kuanzia hapo, hata kidogo sana, hata kupita karibu na garaji, kunatosha kumletea pumu. Hakuna dawa ya kumrudisha alivyokuwa. Ofisi ya serikali ya Uingereza inayosimamia usalama kazini imesema kwamba wapuliza rangi za magari nchini humo wana hatari ya kupata pumu mara 80 hivi kuliko wafanyakazi kwa jumla.

Wakubwa wetu wanakumbuka Bhopal, nchini India. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi iliyovuja kutoka kiwanda cha dawa za wadudu iliua maelfu ya watu. Gesi ile ilikuwa ya ukoo huu wa isosayaneti. Iliyomo kwenye hadina ya rangi si ile ile, na haivuji kama gesi ile, lakini ukoo ni mmoja, na mapafu ndiyo yanayolipa.

Kwa hiyo tunasema wazi: rangi ya hadina isipulizwe nyumbani. Soma kopo. Makopo yanayotoka upande wa Bujumbura mara nyingi yameandikwa Kifaransa, na hapo hadina huitwa durcisseur. Yanayopitia Kobero mara nyingi yameandikwa Kiingereza. Lakini neno isocyanate linaandikwa vile vile katika lugha zote mbili. Ukiliona, mpeleke mteja kwenye garaji yenye chumba cha kupulizia na kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Kama garaji hiyo haipo karibu, mwambie mteja kwamba nyumbani kwako atapata selulosi, nayo itadumu akiitunza.

6. KINYAGO NA MOTO

Kitambaa kilichofungwa puani, barakoa ya hospitali, leso iliyoloweshwa maji: vyote hivyo havizuii mvuke wa tina. Vinazuia matone makubwa tu, na vinampa fundi moyo wa bure. Kunywa maziwa baada ya kupuliza hakusafishi mapafu, kwa sababu maziwa yanakwenda tumboni.

Kinachofaa kwa selulosi na rangi ya mafuta ni kinyago cha mpira kinachobana uso, chenye vichujio viwili vya mvuke vilivyo na alama ya A2 na mstari wa kahawia, pamoja na chujio la ukungu lenye alama ya P3 na mstari mweupe. Ndevu zinyolewe, la sivyo hewa chafu inapita pembeni. Vichujio vina mwisho wake. Ukianza kusikia harufu ya tina ndani ya kinyago, vimekufa. Vitunze ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, maana vikiachwa wazi vinaendelea kula hewa ya nyumba. Na kinyago hiki hakitoshi kwa rangi ya hadina. Kwa kuwa isosayaneti haisikiki kwa pua, huwezi kujua siku kichujio kimeshindwa.

Baada ya kupuliza, ukungu unabaki hewani. Usivue kinyago kwa sababu tu umeweka pistole chini. Watoto, mama mjamzito na mgonjwa wa kifua wasiwe kwenye uwanja huo mpaka harufu imekwisha.

Moto nao unataka heshima yake. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji, unaweza kupita chini ya mlango na kuifikia mbabula yenye makaa iliyo mita kadhaa mbali, kisha moto ukarudi nao mpaka kwako. Mahali pa kupulizia pasiwe na jiko, sigara, wala swichi ya umeme. Kompresa yenyewe inatoa cheche inapojiwasha, kwa hiyo ikae mbali, kwa urefu wote wa mpira, upande upepo unakotokea. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Usipulize ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha na mteja anangoja.

7. BEI YA MLANGO NA BEI YA MWILI

Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya mpaka rangi katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Hatusemi hivyo ili mtu aache riziki yake. Tunasema ili aihesabu sawasawa.

Fundi anayetaja bei ya mlango huhesabu rangi, tina, msasa, masiti na umeme. Kinyago na vichujio havimo. Basi anauza rahisi kuliko jirani yake anayejikinga, na jirani naye anashusha bei, anaacha kununua vichujio, na mwisho mtaa mzima unapuliza kwa leso. Huo ni ule ule ugonjwa tunaoujua kiwandani: mmoja akikubali kazi bila buti, kesho wote wataambiwa buti si lazima. Tofauti ya bei haikutoka mbinguni. Fundi yule anailipa kwa mapafu yake.

Kwa hiyo tunawashauri mafundi wa Gitega na wa Muyinga mambo haya. Kaeni pamoja, hata kama ni watano tu wa mtaa mmoja, mkubaliane kwamba bei ya kila mlango ina sehemu ya kinyago. Mnunue vichujio kwa jumla. Mkiweza, changeni kompresa moja kubwa badala ya kila mtu kuwa na ndogo yake inayochoka. Na mkubaliane kwamba hakuna atakayepuliza hadina katika uwanja wenye watoto.

Nao wenzetu walioajiriwa kupaka rangi katika karakana za viwanda na mashamba wana haki ya kudai kinyago, mahali penye hewa, na maji ya kunawa kutoka kwa mwajiri. INSS inashughulikia ajali za kazini na magonjwa ya kazi ya mfanyakazi aliyeandikishwa. Lakini kazi ya Jumapili nyumbani si kazi ya mwajiri, na ukiumia hapo usitegemee mfuko huo. Kama kifua kinabana jioni au usiku baada ya kupuliza, na kinapata nafuu siku za mapumziko, usingoje. Nenda kwa daktari, umwambie kazi unayofanya na rangi unayotumia, na umwombe aiandike. Daktari asiyejua kazi yako atatibu kikohozi na kukurudisha kwenye pistole.

Kompresa ndogo ina kipimo chake, na fundi mwenye akili hailazimishi kupita hapo. Mwili nao una kipimo chake. Tuheshimu vyote viwili, ili mlango ung'ae na aliyeupaka abaki na pumzi ya kula malipo yake.